Safari ya Mapazia

Kama kuna watu wanaoweza kumtoa polisi akili bila kumgusa, ni wafanyabiashara wanaopanda ndege kila mwezi. Inspekta Mbithe alikuwa ameketi kwenye hoteli ya Apondi, mtaa wa Tena, tangu birika la kwanza la chai, na alichojua kwa yakini mpaka sasa ni kwamba ndege ya Mturuki ina blanketi nzuri.

"Blanketi utauza?" Ng'ang'a aliuliza. Huyu alileta suti za wanaume kutoka ng'ambo, na alikuwa na tumbo la mtu asiyekataa chakula cha angani. "Mimi nipe Mhabeshi. Anakuachia mabegi mawili. Na mkichelewa Adis anakulaza hoteli bure, na supu juu."

"Hoteli gani, wacha mchezo," Muse akasema. Muse aliuza mazulia Eastleigh na alikunywa chai yake bila kuinua macho kutoka kwenye simu. "Maji ya moto ni hadithi. Mwarabu ndiye ndege. Chakula halali, kiti kinalala, huulizi mtu kitu."

"Mimi nimeuliza," Mbithe akasema. "Nimeuliza habari za Wanja."

"Si ndiyo tunakujibu, Madam?" Ng'ang'a alisema, na alionekana kushangaa kwa dhati.

Jamani. Mbithe hakuwa amewahi kupanda ndege hata moja, na kesi ilikuwa inaozea mikononi. Eve Wanja, muuzaji wa viatu vya watoto, alitua Nairobi Jumapili kutoka Istanbul akiwa na rafiki yake Sirad, muuzaji wa mapazia. Uhamiaji walithibitisha kwamba wote wawili waliingia. Sirad alifika dukani kwake. Wanja hakufika kwake Umoja, na simu yake ilizimwa. Mumewe, Johnson Mbugua, shemasi wa kanisa na mtu wa kuheshimika, alikuja kituoni akilia. Askari walipofungua sanduku lililokuwa dukani kwa Sirad walikuta viatu vya watoto, sweta ya Wanja na Biblia ya Wanja. Sirad aliulizwa. Sirad akanyamaza.

Basi akawekwa seli. Mkuu wa kituo alitaka apelekwe kortini kesho asubuhi, na neno alilotaka liandikwe ni mauaji. Ukishaandikiwa neno hilo, rumande inakumeza, na mtoto wako anakua akiletwa kukutazama kupitia wavu. Mbithe hakuwa na maiti wala sababu. Alikuwa na sanduku, na lile sanduku lilimkera kwa namna asiyoweza kuieleza.

"Tuanze upya," alisema. "Muse. Mara ya mwisho ulimwona Wanja wapi?"

"Istanbul. Hoteli moja mtaa wa Laleli, kwenye korido. Yeye na Sirad walikuwa wanavutana na mabegi. Huyu anatoa, yule anarudisha."

Mbithe akaandika. Ugomvi, mabegi, korido.

"Hapana," Apondi akasema kutoka nyuma ya kaunta. Mwenye hoteli huyu pia alisafiri, akaleta mikoba ya akina mama. "Mimi nilimwona Adis. Alikuwa amelala kwenye viti vya kungojea, peke yake. Sirad hakuwepo."

"Nyinyi mnaota," Ng'ang'a akasema. "Wanja hakutoka Istanbul. Tulimwacha na Mkongo mmoja mrefu, mambo ya karatasi. Alirudi baada ya wiki nzima."

Mbithe aliinua kalamu. Mkongo. Kichwani mwake Mkongo huyo alianza kupata sura, sauti, hata koti. Ndiye mtu ambaye kesi hii ilikuwa inamkosa.

"Kwa hiyo alikuwa Istanbul na Sirad," alisema polepole, "akawa Adis bila Sirad, na wakati huohuo hakutoka Istanbul. Yote Jumapili."

Wote watatu wakamtazama.

"Jumapili ipi?" Apondi akauliza.

"Iliyopita."

"Madam, sisi Jumapili tunaijua kwa kanisa," Ng'ang'a akasema. "Safari hatuhesabu kwa tarehe. Ukienda kila mwezi, tarehe zinakuwa uji."

"Mnahesabu kwa nini?"

"Kwa mzigo," Apondi akasema, kama anavyomweleza mteja kwamba madondo yamekwisha. Akaja na kitambaa chake, akaketi. "Kuna safari ya suti. Kuna safari ya viatu vya shule. Kuna safari ya mazulia, ile Muse alitapika. Wewe uliza safari ya mzigo gani, tutakujibu. Ukiuliza tarehe, kila mtu anakuchotea yake."

Muse alisema yeye hakutapika, alikuwa na homa.

"Mkongo alikuwa safari gani?" Mbithe akauliza.

Ng'ang'a akajikuna shingo. "Ya suti. Hiyo ilikuwa mwaka jana."

Mkongo akafia hapo. Mbithe akamfuta kwa mstari mmoja, na moyoni akamlilia kidogo, maana alikuwa ameshamzoea.

"Jumapili iliyopita Sirad alirudi na mapazia," alisema. "Safari ya mapazia. Nani alikuwepo?"

"Mimi," Muse akasema. "Hawa hawakuja. Apondi alimwona Adis safari ya viatu."

"Basi wewe ndiye uliyewaona wakigombana."

"Nani kasema waligombana? Walikuwa wanasawazisha."

"Wanasawazisha nini?"

Muse hatimaye aliweka simu chini. Alimtazama Mbithe kwa huruma ambayo watu huwawekea wageni. "Afande, pazia ni zito. Viatu vya mtoto ni vyepesi lakini vinajaza begi. Ukipakia mapazia matupu, mizani inakuua. Kwa hivyo usiku wa mwisho mnafungua mabegi yote, mnachanganya. Mapazia yangu nusu kwako, viatu vyako nusu kwangu. Nguo za mtu, kitabu cha mtu, chochote, vinaziba nafasi. Kila mtu anafanya. Mkifika Nairobi, kesho yake mnarudishiana."

Kituo kizima kilikuwa kimelitazama lile sanduku kama jeneza, na kumbe ni watu wamepanga kilo.

"Kwa hiyo sanduku la Sirad kuwa na vitu vya Wanja..."

"Ungekuta halina, ningeshangaa," Muse akasema.

"Na sanduku la Wanja?"

"Lina mapazia ya Sirad. Lazima."

Mbithe akaliandika hilo na kulipigia mistari miwili. Halafu akauliza jambo lingine, kwa sababu dereva wa teksi aliyemchukua Wanja uwanja wa ndege alikuwa ameshasema kwamba alimshusha mtaa wa Pipeline, na askari walishazunguka lojingi zote, zile nyumba za wageni, za pande zile, mpaka Kware, wakiuliza jina la Wanja bila kuambulia kitu. "Wanja akiwa safarini hulala hoteli za aina gani?"

Hapo walicheka wote. Ng'ang'a alicheka mpaka akafuta macho.

"Huyo mama ni msumbufu," alisema. "Mimi nikifika nataka kitanda. Muse anataka wifi. Apondi anataka ile chai ya asubuhi yenye zeituni."

"Zeituni asubuhi ni dawa," Apondi akasema.

"Wanja hatazami kitanda. Anaenda mlangoni, anajaribu kitasa. Anafunga, anafungua, anafunga. Mara moja alitutoa hoteli nzuri, rahisi, na mizigo mgongoni, ati komeo la ndani limelegea. Tulitembea Laleli nzima kwa sababu ya komeo."

"Na mnajiandikisha vipi? Kila mtu jina lake?"

"Ulipie vichwa kwa nini?" Apondi akasema. "Chumba kinaandikwa jina moja, tunalala wanne. Wewe ungeandika majina yote?"

Mbithe alifunga kalamu yake. Askari walikuwa wameuliza jina, na jina ndicho kitu cha mwisho watu hawa huacha kaunta. Aliona aibu kwa niaba ya kituo kizima, akalipa chai, akaondoka.

Kituoni, Johnson Mbugua alikuwa bado kwenye benchi la nje, suti nyeusi, leso mkononi. Askari wa zamu alikuwa amemnunulia soda. Alisimama alipomwona Mbithe.

"Madam, amesema?"

"Bado, Bwana Mbugua."

"Mbaneni huyo mama. Anajua Wanja yuko wapi. Mfanyeni aseme yuko wapi."

"Tunaendelea," Mbithe akasema, akapita. Kila mtu kituoni alishaanza kusema marehemu kwa sauti ya chini. Huyu aliuliza yuko wapi. Huenda ni matumaini ya mume, alijiambia, na hakujua kwa nini hakujiamini.

Sirad aliletwa chumba cha mahojiano. Alikuwa mwanamke mrefu, jilbabu yake imekunjamana kwa kulalia sakafu, macho mekundu. Alikaa wima kama yuko dukani.

"Mama Kawsar," Mbithe akasema, kwa jina la binti yake. "Sitakuuliza habari za Wanja."

Sirad akanyoosha mikunjo ya jilbabu.

"Nitakuuliza habari za biashara. Mzigo wako umefika wote?"

"Umefika."

"Muse ameniambia mlisawazisha. Nusu ya mapazia yako ilikuwa kwa Wanja. Dukani kwako tulihesabu sanduku moja tu. Nusu haipo. Umeibiwa?"

"Hapana."

"Umepoteza?"

"Hapana."

"Nimekaa na wenzako asubuhi nzima," Mbithe akasema. "Ng'ang'a bado analalamikia mkanda uliopotea safari sijui ya nini. Mkanda mmoja. Wewe nusu ya mzigo haionekani na hujapiga hata kelele. Mtu wa namna hiyo anajua mzigo wake ulipo, na anajua aliyenao."

Sirad alitazama mikono yake.

"Ni mapazia ya namna gani?" Mbithe akauliza, kama mnunuzi. "Maana haya ya siku hizi yanachuja ukifua mara moja."

"Yangu hayachuji." Kichwa kiliinuka. Siku zote hizi alikuwa amekataa kusema, na sasa sauti ilimtoka yenyewe. "Yangu ni mahameli ya kweli. Zambarau, nakshi ya dhahabu pembeni. Hakuna mwingine Nairobi anayo. Bado sijayatundika hata dukani."

Akakoma. Aliona alichofanya, na uso ukambadilika.

"Yu hai," Mbithe akasema.

"Mimi sijasema."

"Kweli, hujasema."

Sirad aliinama mbele. Kwa mara ya kwanza alionekana kuogopa. "Walahi nakuuliza, Afande. Ukimpata, utamwambia huyo aliyekaa kwenye benchi?"

"Ni mume wake. Ndiye mlalamikaji."

"Basi usimtafute," Sirad akasema, akageukia ukuta, na hakutamka neno tena.

Mbithe alibaki ameketi. Kitasa. Anafunga, anafungua, anafunga. Walicheka mpaka machozi, na yeye alikaa pale akiandika kama karani, asione mbele ya pua yake. Alikasirika, na mtu aliyemkasirikia zaidi alikuwa yeye mwenyewe.

Alitoka kwa mlango wa nyuma, peke yake, bila gari la polisi.

Kware ukiangalia juu, anga ni ukanda tu. Ghorofa zimesogeleana mpaka jirani wa mkabala anaweza kukuomba chumvi kupitia dirishani. Nguo zilining'inia kila ngazi na maji yalidondoka juu ya wapita njia. Mbithe alikwenda lojingi moja baada ya nyingine, na safari hii hakuuliza jina la mtu. Alisimama nje akatazama madirisha.

Lojingi hununua pazia za vyumba vyote kutoka jora moja. Ya kwanza ilikuwa na maua ya kijani kila dirisha. Ya pili, shuka nyeupe zilizokatwa vipande. Ya tatu, ile ya nyuma ya mashine ya kusaga, ilikuwa na vitambaa vyepesi vya samawati kuanzia chini mpaka juu, isipokuwa dirisha moja ghorofa ya mwisho. Hapo palining'inia mahameli ya zambarau yenye nakshi ya dhahabu, refu kuliko dirisha lenyewe, limejikunja kwenye kizingiti kwa wingi, pazia la sebule ya mtu tajiri.

"Kile chumba cha juu ni cha nani?" alimuuliza keateka, msimamizi wa jengo.

"Mama Kawsar. Mtu mpole. Hatoki. Alibadilisha kitasa siku ya kwanza."

Mbithe alipanda. Alibisha, akarudi hatua nyuma ili aonekane vizuri kwenye tundu. "Wanja. Ni Inspekta Mbithe. Niko peke yangu. Mume wako hajui niko hapa."

Komeo likasogea, na kitasa, na komeo la pili.

Wanja alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, leso imefunga mkono wa kushoto kifuani. Uvimbe juu ya kiwiko ulikuwa umeanza kugeuka manjano. Ulikuwa wa kabla ya safari. Chumba kilikuwa na kitanda, ndoo, na mapazia yamepangwa ukutani mpaka kiunoni.

"Umejuaje niko hapa?"

"Pazia lako limekutangaza mpaka barabarani."

Wanja alilitazama lile dirisha, akaketi kitandani taratibu. "Lao lilikuwa jepesi," akasema. "Mtu wa mkabala alikuwa ananiona nikila."

"Ni Johnson aliyefanya hivyo?" Mbithe akaonyesha mkono.

"Unajua kwa nini nasafiri kila mwezi? Watu hudhani viatu vina faida kubwa. Naenda kulala, Madam. Ndege yoyote. Nikishafunga mkanda nalala mpaka wanigonge bega. Kule hotelini nalala. Ng'ang'a na wenzake hubishana ndege gani nzuri, mimi hunyamaza, kwa sababu zote kwangu ni nzuri. Safari hii nilishindwa kurudi. Sirad alisema nikae hapa kwa jina lake mpaka apate mahali mbali. Hajaniletea habari. Nilizima simu, sijui kumetokea nini. Ni mzima?"

Mbithe hakuwa na namna nzuri ya kulisema. "Sirad yuko seli tangu tulipofungua sanduku. Kesho anapelekwa kortini kwa kukuua."

Wanja alimtazama kama hakuelewa lugha.

"Angesema," alinong'ona. "Si angesema tu niko wapi?"

"Hakusema. Tulimwuliza kwa kila namna."

Wanja alijifunika uso kwa mkono mzima. Mbithe alingoja, kisha akasema yale aliyoyapanga ngazini: si lazima uje, mtu mzima hashurutishwi kurudi kwake, naweza kuandika maelezo yako hapa na kuficha mahali ulipo. Lakini alimwambia pia ukweli. Hakuwa na hakika kama mkuu wake angekubali karatasi bila uso. Huenda angekubali. Huenda angesema sahihi imeghushiwa.

"Johnson yuko pale?"

"Yuko benchini tangu asubuhi."

Mwili wote wa Wanja ulirudi nyuma, mpaka mgongo ukagusa mapazia. Mbithe hakumsukuma. Nje, mashine ya kusaga ilinguruma, ikanyamaza, ikanguruma tena.

"Seli ina taa?" Wanja akauliza.

"Haina."

"Sirad huogopa giza. Ndege ikizima taa ili watu walale, ananishika mkono mpaka asubuhi. Mama mzima, ana maduka mawili." Akaanza kutafuta viatu vyake kwa miguu chini ya kitanda. "Nifungie kamba hizi, tafadhali. Mkono mmoja hauwezi."

Mbithe, afisa wa polisi, akapiga magoti akamfunga kamba.

Walipoingia kituoni Johnson Mbugua alisimama na kufungua mikono. "Mke wangu," akasema, na machozi yakamtoka papo hapo. Askari wa zamu akasema Bwana asifiwe. Mtu mmoja akapiga makofi. Wanja alipita nyuma ya Mbithe, akafika kaunta, akaishika kwa mkono mmoja.

"Mimi ni Eve Wanja. Niko hai. Mtoeni Sirad."

Mkuu wa kituo alitoka ofisini, akamtazama, akatazama Mbithe, akatoa ishara. Funguo zikaenda. Sirad akaja akifinya macho kwa mwanga, na alipomwona aliyesimama pale hakukimbia kumkumbatia. Alikasirika.

"Nani alikuambia uje?"

"Sirad."

"Nimelala kwenye lile giza ili usije. Nani alikuambia uje?"

"Ndiyo maana nimekuja," Wanja akasema.

Johnson alikuwa ameshafika karibu. Alicheka kicheko cha mtu mwenye subira. "Basi, yameisha, tumshukuru Mungu. Mama, twende nyumbani." Akamshika mkono, ule wa kwenye leso, juu kidogo ya kiwiko.

Wanja hakupiga kelele. Alikauka tu, pumzi imesimama, macho sakafuni, kama mtu anayejua kabisa kinachofuata na amejifunza kukingojea. Askari aliyenunua soda aliuona uso ule. Alishusha macho, akaitazama leso, akautazama ule mkono uliokuwa umeishika.

"Mwachilie," Mbithe akasema.

"Madam, huyu ni mke wangu. Mimi ndiye mlalamikaji hapa."

Sirad alisogea, akasimama bega kwa bega na Wanja, akauchukua mkono wake mzima. Wanja akavuta pumzi. Iliposhuka, aliinua kichwa na kumwelekea askari wa zamu, ambaye alikuwa ameshafungua ukurasa mpya.

"Andika," alisema. "Mlalamikaji ni mimi."

Mbithe akamvutia kiti, kisha akaenda kusimama mlangoni.